Meno ya utoto: "Si yatang'oka tu?"

Mtoto wa miaka mitatu akionekana na meno meusi ya mbele, jibu letu wengi ni moja: "Si ya utoto hayo, yatang'oka tu." Nimelisikia vibarazani, arusini na kwenye foleni za kliniki. Mimi si tabibu, ni mzazi na mwandishi, lakini haya niyaelezayo hapa yanajulikana vyema kwa madaktari wa meno, na kila nyumba ya Pwani yafaa iyajue.

Yatang'oka lini?

Mtoto huota meno 20 ya utoto. La kwanza hutokeza akiwa na miezi sita hivi, na akifika miaka mitatu kwa kawaida yametimia yote. Ya mbele huanza kung'oka kwenye miaka sita au saba. Magego ya nyuma hubaki hadi miaka 10 mpaka 12. Kwa hivyo gego likitoboka mtoto akiwa na miaka minne, hilo "yatang'oka tu" ni kumwambia avumilie miaka sita au zaidi, ale upande mmoja, akose usingizi, na darasani ashike shavu badala ya kalamu.

Tena jino la utoto humwekea nafasi jino la ukubwa. Likitolewa mapema, meno ya jirani husogea, na jino jipya likija huota kombo. Usaha ulio kwenye mzizi nao waweza kuliharibu jino changa lililo chini.

Jambo jingine: kwenye miaka sita, gego la kwanza la ukubwa huota nyuma kabisa bila jino lolote kung'oka. Wazazi wengi hudhani ni la utoto na hulipuuza. Hilo likioza halina badali.

Wazee wetu walimwita mtoto aliyeanza kuota meno ya juu kigego, wakamhofia mkosi. Tiba haioni mkosi wowote hapo. Meno ya mtoto huyo yatunzwe kama ya wenzake.

Huozaje?

Vijidudu vya kinywani hula sukari na kutoa asidi inayolainisha jino. Mate hulirudishia jino nguvu, lakini huhitaji muda. Ndiyo maana idadi ya mara mtoto anazotia kitu kitamu kinywani yadhuru sana, hata kama ni kidogo kidogo. Kipande cha kashata baada ya chakula ni afadhali kuliko mabuyu ya rangi yanayomumunywa tangu saa nne asubuhi hadi alasiri. Barafu za rangi, kaimati na halua nazo ziende pamoja na mlo, hata mwezi wa Ramadhani na siku za Idi. Kati ya mlo na mlo, apewe maji.

Usiku ndio hatari zaidi kwa sababu mate hupungua. Mtoto anayelala na chupa ya chai, juisi au maziwa yenye sukari huoza meno ya mbele ya juu kwanza. Kunyonyesha miaka miwili ni jambo jema kwa dini na kwa tiba. Lakini meno yakishatokeza, yasafishwe kila usiku.

Mswaki

Anza na jino la kwanza: asubuhi, na usiku kabla ya kulala. Tumia dawa ya meno yenye floraidi. Chini ya miaka mitatu, kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia hapo hadi miaka sita, kiasi cha mbaazi moja. Ateme povu, asisukutue kwa maji mengi. Mpigishe mswaki wewe mwenyewe mpaka afike miaka saba au minane, kwa kuwa mkono wake haujaweza kufika kila pembe.

Na mswaki wa mti? Mtume (SAW) aliuhimiza mno, na ni vyema watoto waujue. Kwa mdogo waweza kumchoma ufizi. Kwa mkubwa, autumie pamoja na mswaki wa dawa.

Ya kujiepusha

Kuota meno hakuleti homa kali wala kuharisha. Mtoto akiwa hivyo apelekwe hospitali. Kuna wanaochana fizi za watoto wachanga wakidai wanatoa "meno ya plastiki". Wanachokitoa ni chipukizi la jino halisi, na mtoto aweza kupoteza damu nyingi au kupata maambukizi ya kumuua. Usimpe mtoto aspirini, wala usimtie mafuta ya karafuu: huunguza ufizi, na akiyameza ni sumu.

Kwa daktari

Apelekwe mara ya kwanza kabla hajatimiza mwaka. Alama ya mwanzo ni mistari myeupe kama chokaa karibu na ufizi, na ikigunduliwa hapo, kuoza kwaweza kusimamishwa. Tundu dogo huzibwa. Pia kuna dawa ya maji yenye madini ya fedha na floraidi, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza mwaka wa 2021 katika orodha ya dawa muhimu. Hupakwa bila kuchimba jino na husimamisha kuoza, ingawa huacha weusi mahali palipooza. Uliza kama kliniki yenu inayo. Uso ukivimba, mtoto akiwa na homa au akishindwa kumeza, mpeleke siku hiyo hiyo, usingoje kuche.

Usiku wa leo, kabla mwanao hajalala, mwinue mdomo wa juu kwa kidole, uangalie karibu na ufizi. Ukiona weupe usio wa kawaida au weusi, usiseme yatang'oka. Kesho mpeleke.

Wabillahi tawfiq.