Mario Hakuwa Kwenye Mpango

Wasee, kuna stori moja ya gemu ambayo watu wa motisha mtandaoni wameishika na hawaiachilii. Inaenda hivi: Mjapani mmoja alitengeneza gemu ya mapigano kisirisiri, akaingiza Mario ndani bila kuomba ruhusa, wakubwa wa Nintendo wakaiona, wakaipenda, pesa ikamwagika. Mwisho unaambiwa: acha kuomba ruhusa, wewe fanya tu. Tangu niache chuo nimetumiwa hiyo stori na watu wengi sana. Ni kama wanaamini mtu akitoka chuo anaanza kuishi kwa kula motisha.

Gemu yenyewe ni Super Smash Bros., ile inayokutanisha Mario, Donkey Kong, Kirby, Pikachu na wenzao kwa uwanja mmoja wa vita. Na stori si uongo. Ni vile tu imekatwa, na pahali imekatwa ndio pako na utamu.

Huyo Mjapani ni Masahiro Sakurai, mbunifu wa Kirby, na alikuwa ameajiriwa na kampuni inaitwa HAL Laboratory. Kabla ya Mario kuingia popote, gemu iliitwa Dragon King: The Fighting Game. Wapiganaji walikuwa watu wasio na sura, vichwa vitupu tu, na nyuma yao kulikuwa na picha ya eneo la Ryuoh, Yamanashi, karibu na ofisi ya HAL. Jina Ryuoh maana yake ni mfalme wa joka. Kwa hivyo hilo jina lote kubwa la Dragon King lilitoka kwa jina la mtaa. Ni kama mimi nitengeneze gemu Kayole niiite Kayole.

Wazo lilianzia kwa kipigo. Sakurai alikuwa mkali wa gemu za mapigano. Siku moja alikuwa kwa mashine za kulipia akicheza The King of Fighters '95, na mtu akaketi upande wa pili. Akamnyorosha vibaya, ngumi juu ya ngumi bila kumpa nafasi ya kupumua. Baadaye ndio akaona alikuwa anacheza na wapenzi wawili ambao walikuwa wamekuja kujaribu tu. Amesimulia hii stori zaidi ya mara moja, na hajivunii.

Kama umewahi kucheza kwa zile vibanda za PlayStation mtaani unaijua hii hali. Unalipa mechi yako, unakaa na msee ambaye hushinda hapo kutwa, anakubana kwa kona, dakika moja umeisha. Pesa imeenda na hujafanya kitu. Na sheria ya kibanda ni moja: ukipigwa unatoka. Tekken imefukuza watu wengi kwa hizo viti.

Sasa angalia vile alijibu. Kwanza akatoa ile mistari ya uhai inayopungua. Badala yake kuna asilimia inayopanda: ukigongwa kidogo unarushwa karibu, ukigongwa sana unarushwa mbali, na unakufa tu ukitupwa nje ya uwanja. Kwa hivyo mtu wa asilimia 150 bado anaweza kurudi na kushinda. Pili, hakuna kukariri mafumbo ya vidole, kwa sababu mwelekeo na kitufe ni vilevile kwa kila mhusika. Tatu, Nintendo 64 ilikuwa na sehemu nne za kuchomeka padi, na akataka zote nne zijae. Wanne wakiwa ndani fujo ni nyingi, na mkali hawezi kumkalia mmoja muda wote. Manze, hiyo yote ilikuwepo tayari wakati wapiganaji hawana hata pua.

Mario alikuja baadaye kwa sababu ya shida ya kawaida sana: kwa gemu ya kuchezea nyumbani, mashujaa wasiojulikana ni wagumu kuuza. Sakurai akachukua wanne kwa majaribio, yaani Mario, Donkey Kong, Samus na Fox, akawaweka ndani kabla hajaongea na Nintendo. Hapo ndipo watu wa motisha husimama na kupiga makofi.

Lakini nani aliandika programu ya hilo jaribio? Satoru Iwata. Sakurai alifanya mpango, michoro, miili na miondoko, Iwata akaandika programu wikendi, na mtu mmoja akasaidia upande wa sauti. Na Iwata wakati huo hakuwa msee wa dawati la nyuma. Alikuwa rais wa HAL! Alipewa hicho kiti mwaka 1993, wakati kampuni ilikuwa imekaribia kufilisika, na kazi yake ilikuwa kuitoa shimoni.

Hapo ndio mimi na hiyo stori tunaachana. Ile "bila ruhusa" ilifanywa na mtu ambaye bosi wake mkubwa ndiye alikuwa amekaa naye wikendi akiandika programu. Tena Iwata alikuwa amemwambia atengeneze majaribio mawili, si moja. Lile lingine lilikuwa la roboti anayeingilia kamera za usalama. Likaonekana litachukua muda mrefu sana, na gemu za Nintendo 64 zilikuwa zinachelewa, kwa hivyo likashinda lile ambalo lingeisha haraka. Huo ni uamuzi wa ofisi, wa kalenda na pesa. Ukimwambia kijana wa miaka 21 aige hii stori, mwambie pia kwamba kulikuwa na mshahara, kulikuwa na mashine, na kulikuwa na mkubwa aliyejua kuandika programu kuliko wengi wa chini yake. Mimi hapa natumia laptop ya kuazima.

Gemu ilitoka Japani tarehe 21 Januari 1999, kwa bajeti ndogo, na mwanzoni ilipangwa ibaki huko huko. Udogo wa bajeti unauona ukicheki wahusika waliofichwa. Wako 12 kwa jumla, na wanne unawafungua mwenyewe: Luigi, Ness, Captain Falcon na Jigglypuff. Watu hudhani Jigglypuff alichaguliwa kwa sababu ya umaarufu wa Pokémon. Umaarufu ulisaidia, ila angalia umbo lake: ni mpira wa duara wenye mikono mifupi, sawa na Kirby. Mwili wa Kirby ulikuwa tayari. Luigi naye ni mwili wa Mario. Hao ndio wangeweza kuongezwa bila kuvunja bajeti. Bowser, King Dedede na Mewtwo walikuwa kwenye mipango ya mwanzo, hawakufika.

Ikauza zaidi ya milioni 5 duniani, na hapo ndipo bili ikaanza kuja. Melee, ya pili, ilitoka Novemba 2001 baada ya miezi 13 tu ya kazi, na Sakurai ameandika kwamba hakupata hata likizo moja. Ilipokwama karibu na mwisho, Iwata, ambaye sasa alikuwa na cheo kikubwa Nintendo yenyewe, alirudi Yamanashi wiki tatu kusoma programu mstari kwa mstari na kuwinda makosa. Alisema hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya mwisho kama fundi. Mwaka uliofuata akawa rais wa Nintendo. Jaribu kufikiria mkubwa wa hapa kwetu akifanya hivyo.

Melee iko na siri yangu ninayoipenda zaidi. Roy, yule mwenye nywele nyekundu na upanga wa moto, yuko ndani, na gemu yake mwenyewe ya Fire Emblem ilikuwa haijatoka. Ilitoka Machi 2002. Yeye na Marth walikuwa karibu waondolewe kwa toleo la nje ya Japani kwa sababu hakuna mtu huko aliwajua, wakaachwa, watu wakaanza kuuliza hawa ni akina nani, na mwaka 2003 Fire Emblem ikauzwa nje kwa mara ya kwanza. Huyo kijana alitangaza mfululizo mzima akiwa mgeni kwa gemu ya wengine.

Kwa Brawl, ya 2008, watu waliopekua faili ndani ya diski walikuta majina ya wapiganaji ambao hawachezeki. Roy yuko, Mewtwo yuko, Dixie Kong yuko. Roy na Mewtwo walirudi 2015 kama nyongeza za kuuzwa kwa toleo lililofuata. Dixie bado anangoja. Katikati ya hapo, mwaka 2013, Sakurai aliumia mkono wa kulia, ule wa kazi, na akaendelea kutengeneza gemu na huo mkono.

Iwata alifariki Julai 2015. Sakurai amesema Smash Bros. Ultimate ilikuwa kazi ya mwisho aliyopewa na yeye. Ilitoka 2018, ikamrudisha kila mpiganaji aliyewahi kuwemo kwa mfululizo, na imeuza zaidi ya milioni 30. Wa mwisho kuongezwa alikuwa Sora wa Kingdom Hearts, Oktoba 2021, ambaye aliongoza kwenye kura waliyopigiwa miaka kadhaa nyuma.

Mwaka 2022 Sakurai alitoa Dragon King na kuionyesha ikichezwa kwa chaneli yake ya YouTube. Nendeni mkaione. Vichwa vitupu vinarushana huku na huku, hakuna hata mmoja mwenye jina, na ukitazama dakika mbili tayari unajua ni Smash.