Mapezi ya Cadillac, Masikio ya Tunguu

Mmarekani aliyezaliwa katika miaka ya 1940, ukimtaka akusimulie ujana wake, aghalabu atakutajia vitu viwili kwa pumzi moja: gari refu lenye mkia wa mapezi, na mwanaanga aliyefungwa mikanda juu ya ncha ya roketi. Kwake yeye viwili hivyo ni kimoja. Vyote vilistawi baada ya vita, vyote vilikunywa mafuta bila ya kuhesabu, na vyote vilimwahidi kesho iliyo kubwa kuliko leo. Sisi wa visiwani tunaweza kumsikiliza kwa heshima, lakini nasi tunalo la kumwambia, kwani sehemu ya hadithi yake ilipita kwetu, Tunguu.

Natuanze na gari. Mwaka 1948 kampuni ya Cadillac ilitia vipezi viwili vidogo nyuma ya magari yake. Mbunifu mkuu, Harley Earl, na wenzake walikuwa wameiona ndege ya kivita ya P-38 na mkia wake wa pacha, wakaupenda. Mwaka uliofuata Oldsmobile ikaiita injini yake mpya Rocket, yaani roketi. Tangu hapo ikawa ni mashindano, mapezi yakizidi kupanda hata kufikia Cadillac ya 1959: urefu wa takriban mita 5.7, injini ya silinda nane yenye ujazo wa lita 6.4, kromu kila pembe, na katika kila pezi taa mbili nyekundu zilizochongoka mfano wa ndimi za moto. Lau gari hilo lingeingizwa katika vichochoro vya Mji Mkongwe, lingekwama kabla ya kona ya kwanza. Na mapezi yenyewe hayakuwa na kazi. Papa hulitumia pezi lake kujiweka sawa majini. Pezi la Cadillac lilikuwa kama kina kilichotiwa mwisho wa mshororo kwa utamu wa mlio tu, maana ikiwa imekwisha zamani. Sisemi hivi kwa kejeli. Ni nani katika sisi wapenzi wa mashairi asiyewahi kughilibiwa na kina cha namna hiyo?

Chombo kilichofika angani kwa kweli kilikuwa kidogo. Kile cha mradi wa Mercury, kilichombeba Mmarekani wa kwanza angani mwaka 1961, hakikutimia mita mbili kwa upana wa kitako chake. Wanaanga wenyewe walitaniana kuwa chombo hicho hakiingiwi, bali huvaliwa. Alan Shepard, aliyetangulia, alipenda gari la kifahari la Corvette. John Glenn, wa kwanza miongoni mwa Wamarekani kuizunguka dunia, alikuwa akiendesha NSU Prinz, kigari cha Kijerumani ambacho injini yake haikufika hata lita moja.

Chombo kile kilihitaji masikio. Mawimbi ya redio yaliyotumika hayakuweza kupinda na kuufuata mviringo wa dunia, na mwanaanga alikatiza upeo wa macho kwa dakika chache tu. Ikalazimu kuweka vituo mfano wa shanga katika uzi: Kano katika Nigeria, Unguja, meli katika Bahari ya Hindi, kisha Australia. Mnamo Oktoba 1960 Uingereza na Marekani zilitiliana saini mapatano juu ya kituo cha Unguja.

Tarehe 20 Februari 1962 Glenn aliruka kutoka Cape Canaveral, Florida, saa 3:47 asubuhi kwa saa za huko. Kwetu ilikuwa saa 11:47 jioni, na Ramadhani imefika katikati. Baada ya nusu saa hivi alikuwa akipita katika anga yetu. Mjini na mashamba watu wakingojea adhana ya magharibi, ilhali Tunguu mafundi wakingojea sauti. Glenn akavuta mkanda wa mpira ili kuupa moyo kazi, na daktari aliyekuwa kituoni akafuatilia mapigo yake na shinikizo la damu. Kisha akatokomea mashariki, jua likamchwea yeye kwanza juu ya Bahari ya Hindi, halafu likatuchwea sisi, watu wakafuturu. Mji wa Perth, Australia, uliwasha taa usiku ule ili azione kutoka juu, na hadi leo husifiwa kwa hilo. Tunguu haikuwasha kitu. Ilisikiliza.

Haifai, hata hivyo, kuipamba mno picha hii. Wazalendo wengi wa Unguja walikipinga kituo kile tangu mwanzo. Kwao neno roketi lilikuwa na harufu ya bomu, na hawakutaka kisiwa kiwe shabaha katika ugomvi wa wakubwa. Kituo kilikuwa cha kusikiliza tu, lakini hofu yao haikutoka hewani: roketi ya Atlas iliyomrusha Glenn ilikuwa imebuniwa kubeba mabomu ya nyuklia. Mapinduzi yalipotokea Januari 1964, Wamarekani wengi wa kituoni na familia zao waliondolewa kwa meli. Mnamo Aprili serikali ya Mzee Abeid Amani Karume ikataka kituo kiondolewe, na kazi ikahamia Madagaska.

Huko Marekani enzi hiyo nayo ilifika ukingoni. Desemba 1972 msafara wa mwisho wa Apollo ulirudi kutoka mwezini. Oktoba 1973 Waarabu walizuia mafuta yao, bei ikapanda mara nne ndani ya miezi michache, na kufikia 1977 kampuni ya General Motors ilikuwa ikiyapunguza magari yake makubwa. Mapezi yalikuwa yamekwisha kukatwa zamani. Glenn aliporushwa tena mwaka 1998, akiwa na umri wa miaka 77, taifa zima lilimtazama kama linalotazama ujana wake lenyewe.

Cadillac ya 1959 hutunzwa na kung'arishwa katika majumba ya makumbusho, na chombo cha Glenn kimehifadhiwa Washington. Tunguu vijana hushuka daladala asubuhi, vitabu mkononi, wakielekea Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Nami bado sijamsikia mshairi wetu hata mmoja aliyeitungia beti jioni ile ya Ramadhani.