Makanisa ya Kale ya Vijiji vya Uingereza

Jengo la kale laweza kuangamizwa na adui, lakini mara nyingine huharibiwa na rafiki aliyekuja kulitengeneza. Habari za makanisa ya vijiji vya Uingereza zatuonyesha jambo hilo.

Makanisa hayo ni maelfu, na mengi yalijengwa kwa mawe baada ya Wanormani kuitwaa nchi mwaka 1066. Waashi walitumia mawe ya karibu: Norfolk, gumegume, Cotswolds, mawe ya chokaa yenye rangi ya asali. Matao ya kwanza yalikuwa ya mviringo. Tangu mwisho wa karne ya 12 yakaanza kuchongoka kileleni. Kizazi kimoja kiliongeza mnara, kingine kikapanua madirisha, kingine kikaezeka paa kwa mabamba ya risasi. Hivyo kanisa moja laweza kuonyesha kazi ya karne tano, na mwenye macho huzisoma kuta zake kama kitabu.

Ilipofika karne ya 19, mengi yalikuwa yamechakaa, wakaitwa wasanifu. Tusiwalaumu bure, kwani bila wao baadhi yangalianguka. Walakini wengi hawakuridhika na kuziba nyufa. Walitaka kulirudisha kanisa katika sura moja waliyoidhania kuwa ya asili. Basi wakabomoa yaliyoongezwa baadaye na kukwangua lipu ya kale, na pengine michoro ikapotea pamoja nayo. Kanisa likapendeza, lakini kitabu kilikuwa kimechanwa kurasa.

Mwaka 1876 William Morris, mshairi na fundi wa mapambo, aliiona kazi ya namna hiyo katika kanisa la Burford, akachukizwa. Machi 1877, aliposikia kwamba kanisa kubwa la Tewkesbury litafanyiwa vivyo hivyo, aliandika barua gazetini, na mwezi huo huo chama cha kulinda majengo ya kale kikaundwa. Mafundisho yake yalikuwa mepesi: litunze jengo kila siku, zibua mifereji, rudisha kigae kilichoanguka, wala usiige kazi ya wafu. Majengo hayo ni amana. Si mali ya kizazi kimoja.

Karne ya 20 ilileta kosa jingine, nalo ni saruji. Ukuta wa kale ulijengwa kwa chokaa, ambayo huupitisha unyevu ukatoka nje. Ukipakwa saruji, unyevu hunaswa ndani, na jiwe lenyewe humomonyoka. Leo mafundi huibandua saruji hiyo wakarudia chokaa. Kuta za matumbawe za Pwani yetu nazo zilijengwa kwa chokaa, kwa hiyo onyo hilo latuhusu sisi pia.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tuongeze kwamba ukuta mpya, hata ukiwa mzuri namna gani, hauwezi kutueleza habari za aliyeujenga ule wa kwanza.