Amani ya Usambara: maabara ya mlimani mikononi mwa tawala nne

Ukitoka Muheza ukapanda Usambara ya Mashariki, joto la pwani hukuacha njiani. Michungwa inaisha, msitu unashika, chai inatokea kwenye miteremko, kisha, katika mwinuko wa karibu meta 900, unaona majengo ya kale na miti mikubwa ambayo asili yake si hapa: mingine ya Brazil, mingine ya Asia, mingine ya Australia. Hapa ndipo Amani. Kwa zaidi ya karne moja kijiji hiki kimekuwa makao ya utafiti, na kila utawala ulioshika nchi umekitaka kijibu maswali yake wenyewe.

Wajerumani walianzisha taasisi yao ya biolojia na kilimo hapa mwaka 1902. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Franz Stuhlmann, mtaalamu wa wanyama aliyewahi kusafiri bara na Emin Pasha. Bustani ya mimea ikaenezwa kutoka mabondeni hadi vileleni, mamia ya hekta, ili kila mche ujaribiwe mahali unapopenda. Haikuwa bustani ya kupunga upepo. Berlin ilitaka kujua ni zao gani litakaloilipa Ujerumani gharama ya kutawala: mkonge, kahawa, pamba, mpira au mkwinini. Wakulima wa Kiafrika walihesabiwa kama vibarua. Mashaka yao mashambani hayakuwa swali la maabara, na jinsi serikali hiyo ilivyowatazama ilidhihirika kusini, ambako pamba ya shuruti ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasha vita vya Maji Maji mwaka 1905.

Hata hivyo sayansi ina tabia ya kuzaa mahali ambapo mpandaji hakukusudia. Vita vya kwanza vya dunia vilipofika na manowari za Uingereza zikafunga pwani, askari wa Ujerumani waliishiwa dawa za malaria. Amani ikamenya magamba ya mikwinini yake yenyewe na kutengeneza kwinini. Miti ile ilikuwa imepandwa kwa biashara, miaka kadhaa kabla ya mtu yeyote kuwazia vita. Kama kilichopandwa kingekuwa kile tu kilichohitajika mwaka huo, askari wale wasingekuwa na cha kumenya.

Mti mwingine wa Wajerumani ulikuwa mpira wa Ceara, kutoka Brazil. Uko katika jenasi moja na muhogo, na wapwani wanaopenda kisamvu cha mpira wanayajua majani yake vizuri. Walowezi waliupanda kwa pupa katika mashamba ya Tanga na kwingineko, wakitajirika na bei ya juu ya utomvu. Mwaka 1913 mpira wa mashamba ya Asia ulijaa sokoni, bei ikaporomoka, na mashamba mengi yakaachwa. Miti ikabaki ikijiotea kando ya njia na mipakani mwa viunga, bila kazi.

Waingereza waliitwaa Amani mwaka 1916. Wangeweza kuendelea palepale, kwa kuwa maktaba, bustani na mikusanyo ya mimea vyote walivikuta. Lakini swali la nani alipe halikupata jibu. Koloni moja moja haikutaka kubeba mzigo ambao faida yake ingeenda kwa jirani, na Amani ikadhoofu huku vichaka vikirudi. Tume ya bunge la Uingereza iliyoongozwa na William Ormsby-Gore, iliyozunguka Afrika Mashariki mwaka 1924, ilisikitishwa na hali hiyo na kutaka kituo kifufuliwe. Kilifunguliwa upya mwaka 1927 chini ya William Nowell, safari hii kikiwa kituo cha utafiti wa kilimo cha eneo zima, gharama zikichangwa na makoloni kadhaa pamoja na fedha za London. Miaka kumi hivi ilikuwa imepotea, na mtu anayeujua utafiti wa mimea anajua kwamba miaka ya namna hiyo hairudishwi kwa kuongeza bajeti.

Kipindi kilichofuata ndicho ninachokiona kuwa bora kuliko vyote katika historia ya Amani, na sababu yake ilikuwa njaa. Maofisa wa kikoloni walikuwa wakiwaamuru watu walime muhogo kama akiba ya miaka mibaya. Nao muhogo wenyewe ulikuwa unaumwa. Batobato lilikuwa limeenea: majani yanajikunja, yanapata mabaka ya manjano, na mizizi inabaki kama vidole. Serikali iliyolazimisha watu kutegemea zao hilo ililazimika kulitibu.

Kazi ilimwangukia Harold Storey, mtaalamu wa virusi vya mimea, na mwenzake R. F. W. Nichols. Walijua kwamba ugonjwa unabebwa na nzi weupe, na kwamba mkulima mwenye robo eka hawezi kupambana nao kwa dawa. Ilibidi ipatikane mbegu yenye kinga. Walikusanya mihogo kutoka sehemu mbalimbali za dunia, wakaipanda mahali penye ugonjwa mkali, wakaona karibu yote ikishindwa. Ndipo wakageukia jamaa za muhogo, na hodari kuliko zote akawa ule mpira wa Ceara uliotelekezwa. Virusi havikuuweza.

Basi wakapandanisha muhogo na mpira. Watoto wa kwanza walirithi kinga, lakini na mizizi yao ilikuwa ya mpira: myembamba, migumu, isiyofaa kuliwa. Ikabidi chotara arudishwe kwa muhogo, mtoto wake arudishwe tena, na mjukuu vilevile, kila kizazi kikipandwa, kikingojwa kikomae, kikiachwa mashambani kushambuliwa na nzi weupe, na kilichougua kikitupwa. Muhogo haukurupushwi. Kazi iliyoanza katikati ya miaka ya 1930 ilipita vita vya pili vya dunia na kuendelea hadi miaka ya 1950, Nichols akifuatiwa na D. L. Jennings. Waliolima, waliochavusha na waliohesabu mimea iliyougua walikuwa wenyeji wa milima hii na vibarua kutoka mbali, na majina yao hayamo juu ya makala zilizochapishwa. Hilo nalo ni sehemu ya hali ya utafiti katika nchi iliyotawaliwa, na ni deni.

Mnamo 1948 serikali za kikoloni ziliamua kuhamishia utafiti wa kilimo Muguga, karibu na Nairobi. Amani ilionekana iko mbali mno, na udongo wake haukufanana na wa mashamba mengi ya eneo hili. Hoja hizo zilikuwa na uzito. Ni kweli pia kwamba Muguga ilikuwa jirani na mashamba ya walowezi na ofisi kuu za utawala. Si haki kuibeza Muguga, kwani huko ndiko Walter Plowright alikotengeneza chanjo ya sotoka iliyosaidia ugonjwa huo wa ng'ombe kutangazwa mwaka 2011 kuwa umetokomezwa duniani. Lakini mradi wa muhogo ulififia, na mwishoni mwa miaka ya 1950 ukasimama.

Majengo ya Amani yakapewa watafiti wa malaria. Taasisi yao ya Afrika Mashariki ndiyo iliyoongoza jaribio la Pare na Taveta katika miaka ya 1950, ambapo nyumba za pande zote mbili za mpaka zilipuliziwa dawa ya kuua mbu. Mbu haulizi pasipoti, na taasisi za pamoja ziliweza kumfuata. Uhuru ulipokuja hazikuvunjwa. Zilirithiwa kwanza na chombo cha huduma za pamoja, kisha na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 1967. Kwa miaka hiyo mtafiti wa Kitanzania aliweza kupata mafunzo Entebbe, kusoma katika maktaba ya Muguga na kufanya kazi Amani ndani ya utumishi mmoja.

Mwaka 1977 Jumuiya ilikufa. Wazee wa Afrika Mashariki hukumbuka zaidi reli na ndege zilivyogawanywa, lakini maabara nazo ziligawanywa. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, ukafunguliwa tena mwaka 1983. Muguga ilibaki upande mmoja, Amani upande mwingine, na Uganda ilikuwa chini ya Idi Amin, ambaye utawala wake ulikuwa umewafukuza au kuwakimbiza wengi wa wasomi wake. Mwaka 1979 Tanzania ilitunga sheria ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, nayo Kenya ikaanzisha KEMRI yake. Amani ikawa kituo cha NIMR. Uchumi ulikuwa umebana, vita vya Kagera vilikuwa vimekausha hazina, na vituo vingi vya utafiti vilibaki na wafanyakazi wenye ujuzi wasio na petroli ya kufika kijijini. Wafadhili wa nje wakaingia, na pamoja na fedha zao yakaja maswali yao.

Siasa peke yake haitoshi kuieleza hali ya utafiti. Jamii nayo ina kauli. Chukua matende na mabusha, maradhi ambayo watu wa Tanga wameishi nayo vizazi vingi. Vijidudu vyake huonekana katika damu usiku, kwa hiyo mtafiti hana budi kugonga milango ya watu saa za giza akiomba damu. Fikiria ombi hilo katika pwani ambako hadithi za mumiani, wanyonya damu wanaotembea usiku na kutumikia wakubwa, zimesimuliwa tangu enzi za ukoloni. Mimi sizioni hadithi hizo kuwa ujinga. Watu waliokwishachukuliwa ardhi, nguvu na kodi walikuwa na sababu ya kuogopa kwamba damu ndiyo inayofuata. Waliofanikiwa katika kazi hii ni wale waliokaa, wakasalimia, wakaeleza, na wakarudi na matokeo pamoja na dawa.

Mmoja wa watafiti waliojijengea jina katika vita dhidi ya matende na mabusha alikuwa Dkt. Mwele Malecela, aliyepanda hadi kuwa Mkurugenzi Mkuu wa NIMR mwaka 2010. Desemba 2016 alitangaza kwamba utafiti wa taasisi yake umeona dalili za maambukizi ya virusi vya Zika katika sampuli zilizochukuliwa nchini. Serikali ilisema hakuna mgonjwa aliyethibitishwa, na ndani ya siku mbili Rais John Magufuli akamwondoa katika wadhifa wake. Virusi vya Zika vyenyewe vilitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1947 karibu na Entebbe, katika taasisi iliyokuja kuwa mojawapo ya zile za pamoja za Afrika Mashariki, kwa hiyo kuvisikia tena katika eneo hili hakukuwa jambo la ajabu kisayansi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilimpa Malecela uongozi wa idara yake ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele. Alifariki Februari 2022.

Nasema waziwazi: kuondolewa kule kuliiumiza nchi kuliko kulivyomwumiza yeye. Kila kijana mwenye darubini alipata somo kwamba matokeo hupimwa kwanza kwa hasira ya mkubwa. Miaka miwili baadaye, Septemba 2018, Bunge lilibadili Sheria ya Takwimu na kufanya kuwa kosa la jinai kusambaza takwimu zinazopinga zile rasmi. Mabadiliko hayo yalilegezwa mwaka 2019 baada ya malalamiko ya ndani na ya nje, yakiwemo ya Benki ya Dunia. Sheria inaweza kurekebishwa kwa kikao kimoja cha Bunge. Woga hautoki upesi hivyo.

Na fedha? Tangu Mpango wa Lagos wa 1980 viongozi wa Afrika wameahidi kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Tanzania iliirudia ahadi hiyo kwa sauti katika miaka ya Rais Jakaya Kikwete, na COSTECH, tume ya sayansi iliyoundwa kwa sheria ya 1986, imekuwa ikiikumbusha. Hatujaifikia.

Nirudi kwenye muhogo, maana safari yake haikuishia Amani. Mbegu za chotara za Jennings zilikuwa zimepelekwa Nigeria katika miaka ya 1950. Huko ukachaguliwa mmea uliopewa namba 58308, na kuanzia miaka ya 1970 taasisi ya kimataifa ya IITA mjini Ibadan iliutumia kuzalisha mbegu zilizoenea Afrika. Batobato kali lilipolipuka Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuwaacha wakulima na mashamba matupu, watafiti wa huko, katika kituo cha Namulonge, waliagiza kinga kutoka kizazi hicho. Mbegu ya Migyera, iliyowarudishia Waganda chakula, ina damu ya mpira wa Tanga. Imebidi izunguke hadi Afrika Magharibi ndipo irudi kwa jirani.

Safari ya pili ilikuwa fupi zaidi, na haikuandikwa na ofisi yoyote. Storey alikuwa ameeleza mwaka 1936 ugonjwa mwingine wa muhogo wa pwani, michirizi ya kahawia, ambao majani huweza kuonekana mazima kumbe mizizi imeoza ndani. Ulidhaniwa kuwa ugonjwa wa nyanda za chini tu, ukasahaulika katika bajeti. Mwaka 2004 ukaonekana Uganda, juu zaidi ya pale ulipotarajiwa, na wataalamu wakaanza kutafuta kinga kwa haraka. Waliipata katika muhogo uitwao Namikonga, unaolimwa na wakulima wa kusini mwa Tanzania. Vipimo vya vinasaba vilionyesha kwamba Namikonga ni ndugu wa damu moja na Kaleso wa pwani ya Kenya, na Kaleso ni chotara namba 46106/27 wa Amani. Mradi ulikuwa umefungwa kwa karibu miaka hamsini, serikali zimebadilika, mpaka umefungwa na kufunguliwa, na wakulima walikuwa wakikata pingili kila msimu na kupeana kwa sababu muhogo huo haukuoza. Watafiti wa Naliendele, Mtwara, sasa wanaupandanisha na mihogo mingine kuendeleza kazi aliyoiacha Nichols.