Glasgow, chai ya Kericho na mkono wa mchumaji

Glasgow, Uskoti, imeleta mambo mawili katika nchi ya majani chai ya Kericho na Bomet. La kwanza ni kampuni ya James Finlay, iliyoanzishwa mjini humo mwaka 1750 na kufika Kericho mwaka 1925. La pili ni ultrasaundi.

Julai 1955, daktari wa uzazi Ian Donald alipakia vivimbe vilivyotolewa kwa wagonjwa kwenye buti za magari mawili, akavipeleka kiwanda cha Babcock & Wilcox huko Renfrew. Mafundi wa pale walitumia mawimbi ya sauti kutafuta nyufa zilizojificha ndani ya vyuma. Donald alitaka kujua kama mawimbi hayo yangetofautisha uvimbe wa maji na uvimbe wa nyama. Yaliweza. Mwaka 1958 yeye, John MacVicar na mhandisi Tom Brown wakachapisha matokeo katika jarida la Lancet.

Kwa miaka mingi ultrasaundi ilikuwa ya tumbo, hasa la mama mjamzito. Kano na neva za mkono ni nyembamba mno. Zilisubiri vipimo vya mawimbi ya masafa ya juu. Ni mwanzoni mwa miaka ya 1990 ndipo madaktari wa Innsbruck, Austria, walipoeleza kwa kina jinsi neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono inavyoonekana.

Mchumaji wa chai hukata majani mawili na chipukizi, akirudia mwendo uleule wa vidole kutwa nzima. Kazi ya namna hiyo inaweza kuvimbisha ala ya kano za kidole gumba, maradhi ambayo Fritz de Quervain wa Uswisi aliyaeleza mwaka 1895. Neva ya kifundo nayo ikibanwa, gumba na vidole viwili vinavyofuata hufa ganzi, mara nyingi usiku. Eksirei ikipigwa, mifupa ni mizima. Mgonjwa anarudi nyumbani na vidonge vya maumivu. Ultrasaundi huona kinachoikwepa eksirei. Mkono unalazwa mezani, unapakwa jeli, mgonjwa anakunja gumba, na daktari anaona kano ikikwama ndani ya ala iliyonenepa.

Maumivu ya kazi hii yamefika hata mahakamani. Wafanyakazi wa Finlay Kericho waliishtaki kampuni hiyo Edinburgh, wakidai kazi iliwaumiza migongo na viungo; kampuni ilipinga. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya huko ilisimamisha kesi, ikitaka madai yapitie kwanza sheria ya Kenya ya mwaka 2007 ya fidia kwa walioumia kazini. Njia hiyo inapita mikononi mwa daktari. Picha peke yake haithibitishi kuwa shamba ndilo lililoumiza, lakini asiye na picha ana maneno yake tu.

Ultrasaundi ipo hospitalini Kericho na Bomet, na kina mama wanaifahamu vizuri. Kaunti na makampuni ya chai wanunue vipimo vya masafa ya juu na kuwafunza wataalamu kusoma mkono. Na wewe mchumaji unayeamshwa na ganzi usiku, usingoje kikapu kikushinde: nenda hospitali, na uulize kuhusu kipimo hiki.