Idi Amin, Kiswahili na Kuaminiana kwa Wauganda

Anayejifunza Kiswahili nchini Uganda hukutana mapema na swali ambalo wenzake wa Dodoma au Mombasa hawalijui: wazee wake humwuliza kama anataka kuwa askari. Sisi tunaofundisha somo hili tumezoea kueleza jambo hilo kwa kutaja wamisionari, shule za Kiingereza na msimamo wa Buganda. Yote hayo ni kweli. Kabaka Daudi Chwa aliandika kuipinga lugha hii mwaka 1929, na jeshi la kikoloni la Keya liliifanya lugha ya gwaride zamani kabla ya uhuru. Katika makala hii, hata hivyo, tunapenda kutazama miaka minane ya utawala wa Idi Amin, kwani hapo ndipo mashaka hayo ya zamani yalipogeuka hofu, tena hofu ya mtu kwa jirani yake.

Amin alitwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971, Rais Milton Obote akiwa mkutanoni Singapore. Wengi walishangilia katika barabara za Kampala. Muda si mrefu vikajulikana vyombo viwili: kitengo cha Usalama wa Umma kilichokaa Naguru, na Idara ya Utafiti wa Serikali iliyokuwa Nakasero. (Sisi wa vyuo vikuu hatuna budi kusikitika kwamba neno "utafiti" lilipewa kazi ile.) Watu wa Idara hiyo walivaa kiraia. Askari mwenye sare unaweza kumkwepa. Asiye na sare anaweza kuwa abiria mwenzako, mteja wako, au mwanafunzi aketiye nyuma darasani. Mwezi Septemba 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alichukuliwa kutoka Mahakama Kuu, asirudi tena. Mwaka huohuo Frank Kalimuzo, mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere, naye akapotea. Ikiwa Jaji Mkuu hakulindwa na mahakama yake mwenyewe, mwananchi wa kawaida angepeleka wapi ugomvi wake? Wako walioona njia fupi: aliyetamani nyumba au duka la mwenzake alikwenda kumnong'oneza ofisa. Waliobaki wakajifunza kupima maneno hata mezani kwao.

Katika hali hiyo ndipo Kiswahili kilipopandishwa cheo. Mwaka 1973 wilaya ziliulizwa maoni; 12 zikachagua Kiswahili na 8 Luganda, na mwezi Agosti Amin akakitangaza kuwa lugha ya taifa. Walimu hawakuwapo, vitabu navyo vilikuwa haba. Raia wengi walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, na huko kilisemwa katika hali ya kuamuru tu: simama, shuka, toa kitambulisho, lala chini. Lugha ambayo ingeweza kumwunganisha Mwacholi na Munyankole ikawa sauti ya mtu mwenye bunduki.

Maneno yaliyobaki katika vinywa vya watu ni ushahidi mzuri kwa mwanaisimu. Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka, na maduka yao yakagawiwa wanajeshi na wapendwa wa serikali. Matajiri hao wapya wakaitwa "mafutamingi". Kwa sarufi tunayofundisha ingekuwa "mafuta mengi", lakini waliolitunga neno hawakuwa wakisubiri masahihisho yetu. Neno la pili ni "magendo". Baridi kali ilipoharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ya kahawa duniani ilipanda sana. Mkulima wa Bugisu aliyeuza kupitia chama chake cha ushirika alilipwa kidogo. Ng'ambo ya mpaka, katika soko la Chepkube nchini Kenya, alilipwa fedha iliyonunua kitu.

Hapa tunatofautiana kidogo na wale wasemao kwamba uaminifu uliisha Uganda. Gunia la kahawa halivuki Mlima Elgon usiku bila mwenye kahawa kumwamini mchukuzi, na mchukuzi kumwamini mnunuzi, wala hapakuwa na risiti. Uaminifu ulikuwapo, ila ulisinyaa ukawa wa ukoo, wa lugha moja, wa watu waliokula kiapo cha kunyamaza. Kilichoharibika ni ule wa kumkabidhi mtu usiyemjua mahindi, kahawa au kura yako kwa sababu tu ni karani wa chama.

Mazishi nayo yalishikilia mengi. Vyama vya "munno mukabi" vya Buganda, na vile vya "engozi" vya Kigezi vinavyobeba wagonjwa kwa machela, havikungoja ruhusa ya mtu. Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa Februari 1977, serikali ilikataza ibada ya kumkumbuka. Watu kwa maelfu walikwenda Namirembe.

Kampala ilikombolewa Aprili 1979. Wanajeshi wa Tanzania wakaitwa "bakombozi", na kwa mfano wa Tanzania ukaletwa mfumo wa "mayumba kumi", wingi wa Kiganda juu ya wazo la Kiswahili. Majirani walitakiwa wajuane, wamtambue mgeni, wagawane sukari na sabuni kwa zamu. Kwa maoni yetu hili lilikuwa jambo gumu kuliko lilivyoonekana: watu walioishi miaka minane wakimwogopa jirani walitakiwa kumpa jirani majina ya wote wanaolala nyumbani mwao. Kabla mazoea hayajajengeka, misako ya miaka ya mwanzo ya 1980 ikaleta neno jingine, "panda gari". Amri tena.

Mwaka 2005 katiba ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likakubali kifundishwe kwa lazima shuleni. Tangazo la 1973 halikuwa na walimu. Hili la 2022 linao wachache, na baadhi yao ni wasomaji wa jarida hili.