Njia ya Muswada wa Kwanza: Bujumbura na Wachapishaji Wake

Historia ya riwaya nchini Burundi huelezwa mara nyingi kwa kutaja vitabu vilivyotoka, ilhali historia ya miswada, yaani kazi zilizokwisha kuandikwa lakini hazijapigwa chapa, ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi ni nani aliyekuwa na uwezo wa kuamua kwamba hadithi hii isomwe na ile ikae sandukuni. Bujumbura, mji uliojulikana kwa jina la Usumbura hadi wakati wa uhuru mwaka 1962, haukupata kuwa na nyumba nyingi za uchapishaji; kwa hiyo mwandishi chipukizi wa mji huo amelazimika, kizazi baada ya kizazi, kubisha hodi kwenye milango iliyojengwa kwa shughuli nyingine, ama ya misheni, ama ya gazeti, ama ya nchi ya kigeni, na kuomba riwaya yake ipitishwe humo. Anayejiuliza leo ampelekee nani muswada wake wa kwanza, na aupeleke katika hali gani, anaweza kujifunza mengi kwa kuangalia jinsi milango hiyo ilivyofunguliwa na jinsi ilivyofungwa.

Kabla ya mitambo ya chapa kufika Afrika Mashariki, mwandishi wa Kiswahili hakuwa na mchapishaji wa kumwomba. Katika mwambao, hasa Pate na Lamu, tenzi ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, zikahifadhiwa katika nyumba za masharifu na matajiri, na kuenezwa na wanakili, yaani watu waliozinakili kwa mkono neno kwa neno. Nakala ya zamani zaidi inayojulikana ya Utendi wa Tambuka ina tarehe ya mwaka 1728. Ilikuwa desturi ya watunzi wengi kutaja majina yao na mwaka wa kumaliza kazi katika beti za mwisho, kwa kuwa karatasi yenyewe ingeweza kupotea au kubadili mmiliki, na jina lililofumwa ndani ya shairi ndilo pekee lililokuwa na matumaini ya kusafiri pamoja na maneno. Kiswahili kilichofika kaskazini mwa Ziwa Tanganyika kwa misafara ya biashara iliyopitia Ujiji, kisha kikaota mizizi katika mitaa ya Bujumbura kama Buyenzi, kilikuwa na wasomaji wa Kurani na wajuzi wa hati hizo, lakini hakikuwa na kiwanda cha kuchapia vitabu.

Utawala wa Wajerumani ulitumia Kiswahili katika ofisi na jeshi la koloni lao lote, Burundi ikiwemo. Hata hivyo wamisionari wa Kikatoliki wa shirika la Mapadre Weupe, lililoasisiwa na Kardinali Charles Lavigerie mwaka 1868, waliona katika Kiswahili njia ya kueneza Uislamu, wakaelekeza nguvu zao katika Kirundi. Baada ya Wabelgiji kuitwaa nchi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mwelekeo huo ndio uliotawala shule. Gazeti la Kirundi la Ndongozi, lililoanzishwa na Kanisa mwaka 1940, na kiwanda cha Presses Lavigerie mjini Bujumbura vikawa mahali ambapo Mrundi aliyejua kuandika angeweza kuona maneno yake yamepigwa chapa. Mlango huo ulikuwa na bawabu wake. Kitabu cha Kikatoliki chenye kugusa imani kilipaswa kupata kwanza idhini ya Kanisa, ambayo ni kibali cha askofu kinachotolewa baada ya padri msomaji kuthibitisha kwamba hakuna ndani yake jambo lenye kupingana na mafundisho. Utaratibu huo ulifaa katekisimu na vitabu vya kusomea. Haukukusudiwa riwaya, na haishangazi kwamba riwaya ya Burundi ilichelewa.

Wakati huohuo, ng'ambo ya mpaka, miswada ya Kiswahili ilikuwa imepata taasisi zake. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilianza kazi tarehe 1 Januari 1930 ikihudumia Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda, na kitabu cha shule kilichokubaliwa nayo kilitoka kikiwa na muhuri wa kuthibitisha kwamba Kiswahili chake kinafuata usanifu uliokubaliwa. Mwaka 1948 ikaundwa East African Literature Bureau, shirika la serikali za kikoloni la kukuza vitabu, lenye makao Nairobi. Ruanda-Urundi, koloni lililojumuisha Burundi, haikuwamo katika orodha ya nchi hizo nne, kwa sababu tu bendera iliyopepea Usumbura ilikuwa ya Ubelgiji. Mtu wa Buyenzi aliyezungumza Kiswahili nyumbani, sokoni na msikitini alikaa nje ya mfumo uliokuwa ukitafuta waandishi wa lugha yake. Hasara hiyo haijapimwa ipasavyo na wanahistoria wa fasihi, na ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, maana mfumo huo, pamoja na kasoro zake zote za kikoloni, ulitoa jambo moja ambalo mwandishi wa mara ya kwanza hulihitaji kuliko sifa: tarehe maalumu ya kupeleka kazi, na msomaji aliyewajibika kuisoma. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alipeleka Mzimu wa Watu wa Kale katika shindano la Bureau la 1957 na 1958, akashika nafasi ya kwanza, na mwaka 1960 hadithi hiyo ikatoka kama kitabu, ikafungua mlango wa riwaya ya upelelezi katika Kiswahili.

Kuwa ndani ya mfumo, hata hivyo, hakukuwa dhamana ya haraka. Shaaban Robert, aliyekuwa mjumbe wa Kamati na mwandishi mashuhuri kuliko wote wa zama zake, alipata wachapishaji mbalimbali kwa kazi mbalimbali: Kusadikika ilitoka kwa Nelson mwaka 1951, na Adili na Nduguze kwa Macmillan mwaka uliofuata. Lakini Kufikirika, aliyoiandika mwaka 1946, ilichapishwa na Oxford University Press mwaka 1967, miaka mitano baada ya kifo chake. Kama muswada wa mtu wa hadhi yake uliweza kungoja miaka 20 na zaidi, kimya cha mchapishaji hakiwezi kuchukuliwa na mwandishi mpya kuwa hukumu juu ya thamani ya kazi.

Inafaa kuangalia kwa karibu muswada wenyewe ulivyokuwa katika miongo hiyo, kwa sababu masharti ambayo wachapishaji wengi wanaendelea kuyatoa yalizaliwa hapo. Karatasi ilipigwa taipu upande mmoja tu, ikiachwa nafasi ya mstari mzima kati ya mstari na mstari, na pambizo pana kushoto na kulia. Mhariri, ambaye ni msomaji wa nyumba ya uchapishaji anayependekeza mabadiliko kabla ya kitabu kupigwa chapa, aliandika masahihisho yake kwa kalamu katika nafasi hizo. Kisha karatasi ikaenda kwa mpanga herufi, fundi aliyeiweka mbele yake na kuokota herufi za risasi moja moja kutoka katika visanduku, akizipanga kinyumenyume katika kishikio cha mkononi. Mstari uliobanana ulimpotezea fundi huyo mahali alipofikia, na maneno ya upande wa pili hayakuonekana karatasi ilipokuwa imesimamishwa. Chini ya karatasi ya kwanza iliwekwa karatasi ya kaboni iliyotoa nakala ya pili, nayo ilibaki kwa mwandishi. Herufi za risasi zimekwisha, lakini mhariri bado anahitaji nafasi ya kuandika, kurasa zenye namba na jina la mwandishi lililoandikwa waziwazi. Mwenye kupeleka kazi iliyobanana anamnyima nafasi hiyo mtu wa kwanza anayeweza kumsaidia.

Mwaka 1968 Presses Lavigerie ilitoa kitabu cha padri Michel Kayoya, Sur les traces de mon père, kilichochanganya nathari na ushairi katika kutafakari urithi wa wazee na maisha ya kisasa. Kayoya hakuwa mgeni katika mlango alioubisha: alikuwa padri, kiwanda kilikuwa cha Kanisa, na maswali yake yalikuwa ya watu waliokizunguka. Mafanikio hayo hayapunguzi kipaji chake hata kidogo, bali yanaonyesha nguvu ya kupeleka kazi mahali ambapo inaeleweka. Aliuawa Mei 1972 katika mauaji yaliyowakumba Wahutu wasomi nchini kote, na mwaka uliofuata tafsiri ya Kiingereza ya kitabu chake ikatolewa Nairobi na East African Publishing House, nyumba iliyoanzishwa mwaka 1965. Sauti iliyonyamazishwa Burundi ikaendelea kusomwa Kenya, kwa kuwa maneno yalikuwa yamekwisha kuvuka mpaka.

Kisa cha Joseph Cimpaye ni kizito zaidi. Cimpaye, aliyekuwa Waziri Mkuu kwa miezi michache ya mwaka 1961 kabla ya Mwanamfalme Louis Rwagasore kushika nafasi hiyo, aliandika gerezani riwaya aliyoiita L'homme de ma colline, inayohesabiwa na wataalamu kuwa riwaya ya kwanza ya Mrundi. Naye aliuawa mwaka 1972. Muswada wake ulisubiri takriban miaka 40, ukachapishwa mwaka 2013, kipindi ambacho Juvénal Ngorwanubusa, profesa na mwandishi wa riwaya, alikuwa akikusanya na kuandika historia ya fasihi ya Kifaransa nchini Burundi. Maana yake ni kwamba vizazi viwili vya waandishi wa Bujumbura vilikua vikiamini kwamba hawakutanguliwa na mtu katika riwaya, wakati mtangulizi alikuwapo, ameandika hadi ukurasa wa mwisho, na kazi yake imefungwa mahali fulani. Hakuna mfano katika historia ya nchi hiyo unaodai kwa sauti kubwa zaidi kwamba muswada uwe na nakala zaidi ya moja, katika mikono zaidi ya miwili.

Katika miongo iliyofuata mauaji ya 1972, waandishi wengi walielekea Ulaya au wakajilipia uchapaji. Hapa inafaa kutenganisha kazi mbili zinazochanganywa mara kwa mara na waandishi wapya. Mpiga chapa hulipwa ili atoe idadi fulani ya nakala, na hana wajibu wa kuuza hata moja; mchapishaji hutia fedha zake mwenyewe katika uhariri, uchapaji na usambazaji, kisha humpa mwandishi mrabaha, yaani asilimia ya mauzo iliyokubaliwa katika mkataba. Kati ya hao wawili pana nyumba kama L'Harmattan ya Paris, iliyoanzishwa mwaka 1975, ambayo imetoa vitabu vingi vya Waafrika wa nchi zinazotumia Kifaransa, Warundi wakiwamo, na ambayo kwa kawaida humwachia mwandishi kazi ya kuandaa kurasa zikiwa tayari kwa chapa. Si vibaya kupitia njia hiyo, mradi mwandishi ajue kwamba mhariri wa kumwambia sura ya tatu imelegea atalazimika kumtafuta mwenyewe.

Waliofanikiwa zaidi katika kizazi cha karibuni walimpata msomaji huyo kabla ya kumpata mchapishaji. Gaël Faye, aliyezaliwa Bujumbura mwaka 1982, alikuwa tayari na wasikilizaji wa muziki wake nchini Ufaransa wakati Grasset ilipotoa riwaya yake ya kwanza, Petit pays, mwaka 2016, iliyoshinda tuzo ya Goncourt ya wanafunzi wa sekondari mwaka huohuo. Jina la riwaya lilikuwa limetangulia kuwa jina la wimbo. Roland Rugero alibaki karibu na nyumbani. Alikuwa mwandishi wa habari, na alishiriki kuanzisha Samandari, baraza la fasihi la Bujumbura ambako kazi mpya husomwa kwa sauti mbele ya watu na kujadiliwa, pamoja na tuzo ya hadithi fupi iliyopewa jina la Michel Kayoya. Riwaya yake Baho! ilitolewa Ufaransa na Vents d'ailleurs mwaka 2012, na tafsiri ya Christopher Schaefer iliyotoka Marekani mwaka 2016 ikawa riwaya ya kwanza ya Mrundi kupatikana kwa Kiingereza. Gazeti la Iwacu, lililoanzishwa na Antoine Kaburahe mwaka 2008, nalo likazaa tawi la vitabu. Baraza, tuzo na gazeti hivyo vitatu vilifanya, bila fedha nyingi, kazi ambayo mji ulikuwa umeikosa tangu enzi za misheni: kumpa anayeanza watu wa kumsoma ambao hawakuwa wakimlinda askofu wala serikali.

Kilichobaki nyuma ni Kiswahili cha Bujumbura. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na lugha hiyo ikapata nafasi katika shule za msingi. Mpaka uliowatenga waandishi wa Buyenzi na Kamati ya 1930 hauna tena maana kwa mtu mwenye muswada. Tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell imekuwa ikipokea miswada ambayo haijachapishwa, na nyumba kama Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam, iliyoasisiwa na Walter Bgoya mwaka 1991, na East African Educational Publishers ya Nairobi zinatoa riwaya za Kiswahili. Kijana wa Buyenzi au Bwiza mwenye riwaya ya Kiswahili na asome kwanza vitabu vitatu au vinne vya nyumba anayoikusudia, ili ajue kama kazi yake ina ndugu humo; awape wasomaji wawili wasiomwogopa, arekebishe, aandike barua fupi inayoeleza riwaya inahusu nini, aipeleke, na siku hiyohiyo aache nakala nyingine kwa mtu anayemwamini katika nyumba nyingine.